Uliza Ticha wa Hesabu: hii 2147483647 mbona iko kila mahali?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na sehemu kubwa zinauliza namba moja tu, bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa tarakimu ni 2147483647. Nimeona ukurasa wote safari hii niupe hiyo namba, wale wa maswali ya riba na vipimo vya kiwanja mnivumilie mpaka toleo lijalo. Barua nimezifupisha kidogo ila maana sijagusa.

"Ticha, nina duka la nguo la mtandaoni hapa Dodoma. Mdogo wangu alinitengenezea databesi ya wateja, namba za simu tunaandika kwa kuanza na 255. Juzi nataka kuwatumia meseji ya ofa nakuta wateja wote wana namba moja, 2147483647. Wote! Nimehakiwa?" – Dada wa nguo, Dodoma

Hujahakiwa dada, ila pole maana hasara ipo.

Mdogo wako alipotengeneza ile safu ya simu aliipa aina ya INT, yaani namba nzima ya biti 32, na hapo ndo tatizo lilipo. Biti ni nafasi ya kuweka 0 au 1, basi. Ziko 32, moja inachukuliwa kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31 za kuhesabia. Ya kwanza ina thamani ya 1, inayofuata 2, halafu 4, halafu 8, kila moja mara mbili ya iliyotangulia mpaka ya mwisho ambayo ni 1073741824. Ziweke zote 31 ziwe 1, jumlisha, unapata 2147483647, na hapo ndo mwisho wa reli. Kwa mkato ni mbili kipeo cha 31, toa moja.

Sasa simu inayoanza na 255 ina tarakimu 12, ni bilioni 255 na kitu, zaidi ya mara mia ya kikomo. MySQL, moja ya programu za kutunza databesi, ile ya zamani ukiiletea namba kubwa hivo haikatai wala haipigi kelele, inaandika ile kubwa kuliko zote inayoiweza afu inaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Matoleo mapya kwa kawaida yanagoma na kukupa erori, inaudhi lakini bora hiyo. Ndo maana mteja wa Dodoma na wa Tabora wakawa na simu moja.

Namba zilizokwisha andikwa hivo hazirudi, ile ya asili haikuhifadhiwa popote, kwa hiyo tafuta bakapu au rudi kwenye daftari la oda na meseji za WhatsApp uzikusanye upya. Safu yenyewe mwambie aibadilishe iwe ya maandishi, ile VARCHAR. Najua kuna mafundi watasema BIGINT, yaani namba nzima ya biti 64, inatosha, ni kweli inatosha, lakini simu si namba ya kuhesabia, hakuna mtu anajumlisha simu ya Asha na ya Juma, na ukiihifadhi kama namba basi siku mteja akiandika kwa kuanza na 07 ile sifuri ya mbele imekwenda.

"Mimi ni mweka hazina wa saccos ndogo ya walimu. Programu yetu ya mikopo inapokea milioni 21 bila shida, ukiingiza milioni 22 inagoma. Tulikaa tukajaribu kidogo kidogo, kiwango cha juu kabisa inachokubali ni 21,474,836.47. Aliyetuuzia anasema hiyo ni sera ya usalama." – Mweka hazina, Morogoro

Sera ya usalama! Mzee huyo ni mfanyabiashara kweli kweli.

Hebu toa koma na nukta kwenye hicho kiwango chako usome kilichobaki. Umeiona? Programu yenu inahesabu kwa senti, na senti zenyewe imeziweka kwenye biti 32. Kuhesabu kwa senti siyo kosa, tena ni busara, maana kompyuta ikifanya hesabu za pesa zenye nukta inaweza kukosea visenti vidogo vidogo ambavyo ukija kufunga mahesabu ya mwaka vinakusumbua usiku kucha. Kosa ni chombo kuwa kidogo. Aliyeiandika pengine alikuwa anafikiria dola, na kwa dola milioni 21 saccos ya walimu haiwezi kufika hata kwa dua, ila kwa shilingi yetu hiyo ni bei ya gari la mtumba la kawaida tu.

Mwambie ahamie biti 64. Lakini kabla hajaanza kugusa mikopo muulize jumla zinahifadhiwa wapi, jumla ya akiba za wanachama wote, jumla ya marejesho ya mwaka, maana mkopo mmoja ukizidi programu inakataa na wewe unaona, ila jumla ikizidi kuna programu zinageuka hasi kimya kimya na wewe unakuja kugundua kwa mkaguzi. Mimi hilo ndo lingeninyima usingizi, siyo milioni 22.

Na msidhani ni saccos tu. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787, kwamba ndege ikikaa na umeme umewashwa siku 248 mfululizo, vidhibiti vya jenereta vinaweza kujizima vyote kwa pamoja na ndege ikakosa umeme wote wa AC (ule wa mkondo geu, siyo kiyoyozi), kisa ni kihesabio ndani ya programu kinachojaa. Chukua sekunde 21,474,836.47, gawanya kwa 86,400 ambazo ndo sekunde za siku nzima. Unapata siku 248 na nusu hivi. Yaani ukihesabu muda kwa sehemu za mia za sekunde kwenye biti 32, unagota siku hiyo hiyo. Dawa ya kuanzia ilikuwa kuzima umeme na kuwasha tena kabla siku hazijafika, ushauri ambao fundi yeyote wa Kariakoo angewapa bure.

"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili, Songea. Nimesoma kwamba 2147483647 ni namba tasa. Sisi tumefundishwa kuhakiki kwa kugawa kwa 2, 3, 5, 7 na kuendelea. Hii utagawa mpaka lini? Na aliyeigundua alikuwa na kompyuta?" – Mwanafunzi, Songea

Marahaba mwanangu. Swali lako ndo tamu kuliko yote yaliyoletwa, kaa nikupe na kalamu uishike.

Kwanza kompyuta hakuna. Ilikuwa mwaka 1772, na aliyeifanya ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa anaishi Saint Petersburg kule Urusi, umri miaka sitini na kitu, macho yameshapotea karibu kabisa, hesabu anazipiga kichwani na wasaidizi wanaandika. Matokeo akayatuma Berlin kwa barua.

Kwa wasiokumbuka, namba tasa ni ile isiyogawika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Njia mliyofundishwa ni sahihi. Unagawa kwa namba tasa moja moja, na huhitaji kufika mbali kuliko kipeuo cha pili cha namba yenyewe, maana kama ina vigawo viwili basi kimoja lazima kiwe chini ya hapo. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46,340 na nukta. Kwa hiyo siyo mabilioni, ni namba tasa zote zilizo chini ya 46,341, ambazo ni zaidi ya 4,700. Zinafanyika, ila kwa kalamu utamaliza daftari na subira.

Euler hakufanya hivo. Alijua kwamba namba za aina hii, mbili kipeo cha namba tasa toa moja, hazikubali kugawika na kila anayepita. Tuanze na ndogo uone. Mbili kipeo cha 11, toa moja, ni 2047. Hiyo siyo tasa, ni 23 mara 89. Sasa angalia: 23 ni 22 ongeza 1. Na 89 ni 88 ongeza 1, na 88 ni 22 mara nne. Na 22 ni mara mbili ya 11. Haijatokea kwa bahati, ni sheria: kigawo chochote kilicho tasa cha namba ya aina hii lazima kiwe moja zaidi ya kigawe cha mara mbili ya kipeo. Kuna sheria ya pili, ukikigawa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. Jaribu: 23 inabaki 7, 89 inabaki 1. Sawa?

Turudi kwa mkubwa wetu. Kipeo ni 31, mara mbili yake 62. Kwa hiyo kigawo kiwe 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea kwa kurukia 62. Weka sheria ya pili: 125 ukiigawa kwa 8 inabaki 5, toka. 187 inabaki 3, toka. Ukichuja hivo unagundua wanaobaki ni wale tu ambao ukiwagawa kwa 248 wanabaki 1 au 63. Yaani 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, na kadhalika mpaka 46,340. Hawafiki mia nne. Na humo wengi siyo tasa, 63 ni ya 7 na 9, 249 inagawika kwa 3, 497 kwa 7, 559 ni 13 mara 43, hao wote nje. Wa kwanza kustahili ni 311. Wa pili huko mbali, 1303. Wa tatu 1489. Mpaka mwisho wanafika kama themanini hivi na ushee.

Themanini! Kutoka 4,700.

Anza nao hao watatu. 2147483647 gawa kwa 311 unapata 6905092, baki 35. Kwa 1303 baki ni 226. Kwa 1489 baki ni 199. Hakuna anayeingia sawasawa, na ukiendelea mpaka mwisho hakuna atakayeingia, ndo maana yake ni tasa. Mgawanye kazi darasani, kila mmoja achukue wawili watatu, mchana mmoja mmeifanya kazi ya Euler. Halafu kumbuka yeye alikuwa haoni ubao.

Usije ukakariri tu kwamba kipeo kikiwa tasa na namba inakuwa tasa, 2047 imeshakuonyesha kwamba siyo. Hata mbili kipeo cha 29 toa moja, jirani kabisa wa huyu, inavunjika kuwa 233 mara 1103 mara 2089. Na mwenzangu wa saccos asije akasema 248 ya hapa ni ile ya ndege, hazina undugu wowote, hii ni 8 mara 31 na ile ni siku.

"Kwa nini waliotengeneza kompyuta walichagua namba tasa iwe kikomo? Kuna siri gani?" – Msomaji, Nakuru

Hakuna siri. Kompyuta haijui na haijali kama namba ni tasa. Waligawa kumbukumbu kwa biti 8, 16, 32, 64, na kikomo kikaangukia kilipoangukia. Kwa biti 8 zenye alama ya hasi kikomo ni 127, tasa. Kwa biti 16 ni 32767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151, siyo tasa. Kwa 32 ndo huyu wetu, tasa. Kwa 64 ni 9223372036854775807, namba ya kutisha hivyo lakini inagawika kwa 7, tena mara mbili. Kama ni siri basi imevuja nusu. Wanaounganisha hii namba na mambo ya nyota na majini naomba mwandikie ukurasa mwingine.

"Ni kweli kuna video iliwahi kuvunja YouTube kwa kutazamwa sana?" – Kijana, Kampala

Kuvunja ni maneno ya mtaani. Ni video ya Psy, yule msanii wa Korea Kusini, iliyotoka 2012. Desemba 2014 YouTube walisema imepita watazamaji 2147483647 na kihesabio kimehamishiwa biti 64. Ukiuliza kingefanya nini kama wasingehamisha, ni kama mita ya gari iliyofika 999999 na kurudi sifuri, tofauti ni kwamba hii hairudi sifuri, ongeza moja tu na unatua kwenye hasi 2147483648. Watazamaji hasi bilioni mbili. Psy angedaiwa.

"Ticha, rafiki yangu anasema hiyo namba huzaa namba kamilifu. Namba kamilifu ndo zipi?" – Bi Mkubwa, Unguja

Rafiki yako amesoma, Bi Mkubwa. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudisha namba ile ile. Sita inagawika kwa 1, 2, 3, jumla yake sita. Ishirini na nane ni 1, 2, 4, 7, 14, jumlisha mwenyewe. Baada ya hapo ni 496, kisha 8128, na zinazidi kuadimika.

Euclid, huko Ugiriki ya kale, alishaonyesha zinavyotengenezwa: ukipata mbili kipeo cha kitu toa moja, na ikawa tasa, izidishe na mbili kipeo cha kitu hicho pungufu ya moja. Tatu mara 2 ni sita. Saba mara 4 ni 28. Thelathini na moja mara 16 ni 496. Huyu wetu ukimzidisha na 1073741824 unapata 2305843008139952128, namba kamilifu ya nane.

Hapo kuna kisa nakipenda. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ya nane ndo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizi ni za udadisi tu, faida hazina, na hakuna mtu atakayejitesa kutafuta nyingine. Hoja yake kuhusu faida siibishii sana. Ila kuhusu watu kujitesa alikuwa hawajui watu. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha kwamba mbili kipeo cha 127 toa moja ni tasa, tarakimu 39, bila mashine, na hiyo ikazaa kamilifu nyingine inayoimeza ya Barlow kama si kitu. Leo tasa za aina hii zinazojulikana ni 52. Kubwa yao ilitangazwa Oktoba 2024 na mradi wa GIMPS ambao watu wa kawaida wanaazima kompyuta zao kufanya hesabu, ni mbili kipeo cha 136,279,841 toa moja, ina tarakimu 41,024,320, na kamilifu yake ina tarakimu milioni 82. Faida? Bado ile ile aliyosema Barlow, karibu.

"Nasikia mwaka 2038 simu zote zitazima. Ni uzushi?" – Fundi simu, Mombasa

Zote hapana, baadhi ya vifaa vitachanganyikiwa ndiyo, na vitachanganyikiwa muda mmoja ambao tunaujua mpaka sekunde.

Mifumo mingi ya kompyuta inahesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ile saa sita usiku ya Greenwich, kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Anayehifadhi hizo sekunde kwenye biti 32 ataishiwa zikifika 2147483647, na hiyo ni Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa za Afrika Mashariki saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, watu wanatafuta daladala na matatu. Sekunde inayofuata hesabu inageuka hasi na kifaa kinaamini ni Desemba 13, 1901, saa tano na ushee usiku.

Simu mpya za biti 64 hazina neno, kihesabio chao kinafika miaka bilioni 292 na huko tumuachie Mungu. Linux nayo, mfumo unaoendesha kompyuta na vifaa vingi, tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020 inaweza kushika muda wa biti 64 hata kwenye mashine za biti 32. Mimi naogopa vile vitu ambavyo mtu hafikirii kwamba ni kompyuta, kamera za dukani, ruta za bei rahisi, mashine za geti, vitu ambavyo vikishafungwa ukutani havipati programu mpya hata siku moja. Na tatizo halisubiri 2038. Mtu akichukua leo mkopo wa nyumba wa miaka 15, tarehe ya rejesho la mwisho inavuka hapo, na programu ya zamani inaweza kumwandikia kwamba alitakiwa kumaliza kulipa kabla babu yake hajazaliwa.

Ukitaka kupima kifaa cha mteja, kiondoe kwenye intaneti, zima ile kujipangia saa, weka tarehe 19 Januari 2038 saa 12 na dakika 13 asubuhi, subiri dakika mbili uone. Usifanye hivo kwenye simu yenye kazi zako, meseji zitapangika ovyo na app za benki zitakutoa nje, na kwenye kamera toa kwanza rekodi zote maana ikirudi 1901 kuna zingine zinaona video zako zote ni za siku zijazo na kuanza kuzifuta.